Makofi ya Dakika Arobaini

Nchi hii ipo, msidhani naitunga. Jina lake silitaji kwa sababu za kiafya tu; daktari wangu amenikataza, na daktari wangu ni mtu wa serikali. Ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Uvuvi yenye magari kumi na saba ingawa haina ziwa wala bahari, na ina Mtukufu, ambaye ni mmoja tu na anatosha.

Katika nchi hiyo makofi si jambo la mtu kujipigia ovyo kama anayefukuza mbu. Makofi ni kazi ya serikali. Ipo Wizara ya Shangwe, na chini ya wizara hiyo yupo Kiongozi wa Makofi, mtu mmoja, aliyekula kiapo. Mtukufu anapohutubia, Kiongozi hukaa safu ya mbele, suti nyeusi, leso nyeupe mfukoni, macho kwenye bega la kushoto la Mtukufu. Bega likishuka, sentensi imekwisha. Hapo Kiongozi hugusa sikio lake la kulia, na watu elfu thelathini hupiga makofi kwa pamoja, paa! Akigusa kidevu, wote kimya. Asipogusa kitu, hakuna anayethubutu. Mama mmoja aliwahi kupiga makofi mawili peke yake, akaitwa ofisini kueleza lile la pili lilikuwa la nini.

Kiongozi wa Makofi aliitwa Pazi Mlekwa, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuwahi wala kuchelewa hata kwa pumzi moja. Watu wa kumsifu Pazi ni wengi, kwa hiyo mimi namwacha. Ninayetaka kumsimulia ni Kondo Mwinyikambi, Mkuu wa Ofisi ya Maana ya Maneno, ambaye alikuwa akimwonea Pazi wivu tangu darasa la pili.

*

Jamani, kuna wivu na wivu. Wa Kondo haukuwa ule wa kuona mwenzio kanunua kochi jipya. Ulikuwa umekaa tumboni miaka arobaini, una kiti chake na mto wake.

Darasani Kondo alijua majibu yote. Tatizo lake lilikuwa mkono. Mwalimu akiuliza, yeye alilipima kwanza jibu, akaligeuza, akalifuta vumbi, na alipokuja kuinua mkono kengele ilikuwa inalia. Pazi hakujua hata nusu ya aliyoyajua Kondo, lakini mkono wake ulikuwa hewani saa ileile mwalimu alipogeuka kutoka ubaoni. Wakatoka shule, Pazi na zawadi tatu, Kondo na majibu yake yote kichwani.

Halafu akaja Mwamvita, binti wa karani wa posta. Kondo alimpenda mpaka akawa anakwenda posta kununua stempu asizokuwa na barua ya kuzibandika. Mwishowe akaamua kumwandikia. Barua ilimchukua miezi minne, maana alitaka kila neno liwe na maana moja tu, lisije likaeleweka vingine. Siku alipoipeleka, kavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, akakuta turubai uani kwa kina Mwamvita na watu wanakula pilau. Pazi alikuwa ameshaleta posa, na siku hiyo ndiyo ilikuwa inajibiwa.

"Karibu, mwanangu!" mama mtu akamshangilia. "Loo, na umekuja na salamu za maandishi! Haya, simama utusomee."

Akasimama, angefanyaje? Akasoma, akibadilisha kila alipoona hatari. Palipoandikwa "mpenzi" akasoma "ndugu yangu", palipoandikwa "mimi nawe" akasoma "ninyi wawili". Ukurasa wa kwanza ukapita salama. Ukurasa wa pili, mstari wa nne, ulisema hivi: "Usiponijibu, Mwamvita, sitajua nikae wapi katika dunia hii." Kondo akatafuta pa kuugeuzia mstari huo, akakosa. Jasho likamtiririka. Mama mtu akaweka kijiko chini. Ndipo Pazi, bwana harusi mtarajiwa, alipopiga makofi. Paa! Watu wote wakamfuata, vigelegele vikapanda, na barua ikaishia hapo.

Kwa miaka ishirini na sita Kondo alijiuliza: yule bwana aliniokoa, au alifurahi tu? Kutojua huko ndiko kulikomla. Hakuoa. Watu wakimwuliza alisema anangoja wakati mzuri.

*

Basi ikafika Siku ya Taifa. Jua kali, watu wamepangwa uwanjani tangu alfajiri, Mtukufu akafika saa nane. Akahutubia saa nzima kuhusu maendeleo ya uvuvi. Halafu akatoa kitambaa, akajifuta shingo, akasema kwa sauti nzito:

"Ndugu wananchi, nimewatumikia miaka thelathini na moja. Nimechoka. Nimeamua kuondoka..."

Akanyamaza, akachukua glasi ya maji.

Pazi akagusa sikio.

Mimi sijui niseme nini kuhusu makofi yale. Walioyasikia wanasema wilaya ya pili walidhani ni mvua, wakaingiza nguo ndani. Watu walikumbatiana. Wazee wasiosalimiana walishikana mikono. Kinamama walirusha khanga juu, bendi ya polisi ikapiga muziki wa harusi bila kuamriwa, na askari mmoja wa zamu akakaa chini akalia kwa furaha, bunduki mapajani. Dakika arobaini! Waziri wa Shangwe, Mheshimiwa Ngarambe, alikuwa akimpigia Pazi kelele aguse kidevu, lakini nani angesikia? Pazi alikuwa anapiga makofi macho yamefumba.

Makofi yalipokoma yenyewe, kwa uchovu, Mtukufu akaiweka glasi chini, akamalizia sentensi yake: "...hapa juani, nihamie pale kivulini."

Akahamia. Akaendelea saa nne nyingine, na hakuna aliyegusa sikio, kwa sababu Pazi alikuwa ameshachukuliwa.

*

Asubuhi iliyofuata Waziri Ngarambe alimfuata Kondo ofisini. Ofisi ya Maana ya Maneno ni vyumba viwili nyuma ya karakana ya magari ya uvuvi, na Kondo alikuwa hajapata kuona waziri mle.

"Ndugu Mkuu wa Maana," Waziri akaanza kabla hajakaa, "taifa limejeruhiwa sikioni."

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Tumetafuta sheria ya kumkamatia huyu mtu. Zetu zote zinakataza kutopiga makofi. Hakuna inayokataza kuyapiga. Ila kabatini tumekuta moja waliyoiacha Waingereza. Kifungu cha themanini na nane. Miaka kumi na minne katika Kituo cha Kutafakari." Kituo hicho kiko jangwani. Watu hupelekwa huko kutafakari na hawajarudi kutuambia wamefikia wapi. "Lakini kifungu chote kimesimama juu ya kitenzi kimoja."

Akamsogezea karatasi. Kondo akavaa miwani. Kitenzi kilikuwa "mistime".

"Mtukufu ni mtu wa haki," Waziri akaendelea. "Amesema hamfungi mtu kwa neno asilolijua ukoo wake. Anataka maana na asili. Baba wa neno, mama wa neno, lilizaliwa wapi, na barua ya mtendaji wa kata kama ipo."

"Neno la Uingereza hilo, Mheshimiwa. Mtendaji wa kata gani?"

"Hayo ni yako. Mimi nafikisha tu. Utasema ni kosa, Pazi ataondoka. Utasema si kosa, tutamrudisha kwake. Nchi nzima inakungoja wewe."

Waziri alipotoka, Kondo akafunga mlango, akakaa, akaangalia mikono yake. Inakungoja wewe! Hajapata kungojwa maishani mwake. Akajikuta anacheka peke yake, cheko dogo baya, na hakuona haya.

*

Kitabu kikubwa cha maneno ya Kiingereza kilikuwa rafuni, kilichoachwa na wamisionari, jalada limeliwa na mchwa lakini ndani kizima. Kondo akakisoma siku mbili. Alikuwa mtu wa kazi yake. Katika miaka thelathini hakuwa amepata kusema uongo juu ya neno hata moja, na hilo ndilo lilikuwa jambo pekee ambalo Pazi hakuwa nalo.

Akakuta kwamba kitenzi kile kina zaidi ya miaka elfu. Mbele kina kile kipande ambacho Waingereza hukibandika kwenye neno wakitaka kuliharibu, na nyuma kina wakati. Siku hizi maana yake ni kufanya jambo si kwa wakati wake. Lakini zamani hizo hakikuwa kosa la mtu. Waingereza wa kale walikitumia mtu akifikwa na baya, mambo yakimwendea kombo bila yeye kutia mkono. Walimhurumia tu. Walikuja kulaumiana baadaye, walipozoea saa.

Kondo akakifunga kitabu polepole. Hapo palikuwa na uhuru wa Pazi. Angeandika asili hiyo kama ilivyo, Mtukufu angeona kwamba neno lenyewe kwa ukoo halimshiki mtu. Lakini moyo ukamwambia: ala! Kwa hiyo lipo neno la kumhurumia mtu ambaye wakati umemkataa, limekaa humu miaka elfu, na linakwenda kumfaa nani? Pazi! Aliyekosa mara moja! Na mimi niliyekosa kila siku ya Mungu, nani alinifungulia kitabu?

Alikuwa bado anachemka hivyo, saa nne asubuhi, mlango ukagongwa. Alikuwa Mwamvita.

"Shikamoo, shemeji," alisema kwa utani wa zamani, maana walikuwa rika moja, lakini sauti haikuwa na utani. Alikuwa ameshika leso nyeupe, imeoshwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. "Wananiacha nimwone dirishani, lakini kumpa kitu wamenikataza. Nikasema labda wewe wanakuruhusu."

"Kaa, Mwamvita."

"Sikai. Hajala siku ya tatu hii. Akishikwa na wasiwasi hali, si unamjua. Mpaka nimkalie mbele na bakuli, nimhesabie matonge."

Kondo alitikisa kichwa, kwa nje. Ndani roho ilimwuma kama jino bovu. Ningekaa bila kula siku tatu, aliwaza, nani angegundua? Yule mlinzi wa karakana?

"Wewe ndiye mwenye maneno, shemeji," Mwamvita akasema. "Sikuombi udanganye. Nakuomba utoe lile lililo kweli, basi."

"Alikutuma?"

"Nani, Pazi? Pazi alinikataza nisije. Alisema, usimsumbue Kondo, Kondo ni mtu wangu, atafanya kwa wakati wake."

Kwa wakati wake! Afadhali angemtukana. Kondo aliipokea leso, akaahidi ataifikisha, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote. Aliporudi mezani akaitia leso kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, akachukua karatasi nyeupe.

Akaandika kwamba neno hilo asili yake ni mtu. Akaandika kwamba palikuwa na Bwana Mistaim, mpiga ngoma wa mfalme wa kale wa Uingereza, aliyepiga ngoma ya mazishi mfalme akiwa bado anakunywa uji. Kwamba bwana huyo alifanya makusudi, akanyongwa, na jina lake likawa kitenzi. Mimi sisemi Kondo aliongopa. Nasema tu kwamba bwana huyo hayumo katika kitabu chochote.

*

Waziri alitaka ripoti Alhamisi. Angeipeleka Alhamisi, hadithi hii ingekuwa fupi na Pazi angekuwa jangwani. Lakini Kondo aliisoma Jumatano jioni akaona neno "uji" halikukaa vizuri. Akaomba siku tano zaidi. Akafunga mlango, akazima redio, akafuta, akaandika, akarudisha uji, akautoa tena.

Na katika siku hizo tano, huku nje, haya yalitokea.

Mtukufu naye alikuwa na wivu wake. Jirani wa mpakani, mtawala mwenzake ambaye huitana naye ndugu, mwaka uliopita alipigiwa makofi dakika thelathini na mbili, na tangu hapo Mtukufu hakupata usingizi wa kutosha. Sasa ikaletwa barua kutoka kwa jirani huyo. "Ndugu yangu," iliandikwa, "nimesikia habari za dakika arobaini. Hongera. Sijui umewapa nini watu wako."

Mtukufu akaisoma mara saba. Akaagiza mkanda wa Siku ya Taifa, akautazama mwanzo mpaka mwisho: khanga zinaruka, wazee wanakumbatiana, askari analia. Akatokwa na machozi.

"Kumbe wananipenda hivi?" akauliza.

Waziri Ngarambe, aliyekuwa na hati ya kumpeleka Pazi jangwani mfukoni, akafikiri kwa muda mfupi kuliko alivyowahi kufikiri. "Zaidi ya hivi, Mtukufu. Walijizuia."

Pazi akatolewa siku hiyohiyo. Akavishwa nishani, akapewa joho la kijani. Ukaandaliwa mkutano wa kumpongeza katika Ukumbi Mkuu, na kwa kuwa ratiba ya zamani ya kumhukumu ilikuwa na sahihi ya Mtukufu, na hakuna anayefuta kilichotiwa sahihi na Mtukufu, ripoti ya Kondo ikabaki namba tatu, baada ya dua na wimbo. Waziri alituma mtu kwenda kumwambia Kondo aandike upya. Mtu huyo alikuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: NIPO KWENYE MANENO, NISIGONGEWE. Katika nchi hiyo kilichoandikwa kwenye mlango wa ofisi ni amri, akarudi zake.

*

Kondo aliingia ukumbini wimbo unamalizika, macho mekundu, ripoti kwapani. Kitu cha kwanza alichokiona ni Pazi, safu ya mbele, kwenye joho la kijani. Akajisemea: wamemvalisha nguo za mshtakiwa, zimempendeza pia, mshenzi huyu. Pembeni alikuwa Mwamvita, amejitanda, uso umekunjuka, akacheka na kumpungia mkono Kondo kwa shukrani. Hilo lilimchoma kidogo. Akapanda jukwaani.

"Mtukufu," akasoma, "waheshimiwa. Neno hili nililotumwa si neno la kawaida. Ni neno la aibu. Ni neno lenye damu. Nami nitathibitisha, kwa ukoo wake na kwa maana yake, kwamba aliyelitenda siku ile uwanjani, mbele ya taifa zima, ni..."

Paa!

Pazi alikuwa amegusa sikio. Ukumbi mzima ukalipuka. Kondo akashusha karatasi. Akangoja. Makofi yakapungua, akainua karatasi, "ni...", Pazi akagusa sikio tena. Paa! Ndipo kwa hasira Kondo akamtazama Pazi usoni, na Pazi hakumtazama yeye. Alitazama juu ya kichwa chake, kwa kukazia, kama mtu anayeonyesha njia kwa macho. Kondo akageuka. Nyuma yake lilitundikwa bango refu la kijani: MIAKA 31 YA UTUMISHI, DAKIKA 40 ZA UPENDO. ASANTE KIONGOZI WA MAKOFI.

Akalisoma bango. Akalirudia. Akamwona Waziri Ngarambe pembeni, majivu usoni, anamkatia ishara ya shingo. Akaelewa kwamba yuko tena uani kwa kina Mwamvita, ukurasa wa pili, mstari wa nne.

Mtukufu akainua mkono, na hapo hata Pazi hana la kufanya. Kimya.

"Malizia, Mkuu wa Maana," Mtukufu akasema kwa upole. "Aliyelitenda siku ile ni nani?"

Kondo akaitazama karatasi. Bwana Mistaim na ngoma yake hawakuwa na msaada. Na kwa mara ya kwanza maishani alijibu swali bila kulipima.

"Ni mimi, Mtukufu."

"Wewe?"

"Mimi. Nchi nzima ilikuwa inapiga makofi, mimi nilikuwa chooni nyuma ya jukwaa. Nikatoka yamekwisha." Na hilo, Mungu ni shahidi, lilikuwa kweli tupu. "Neno lenyewe, Mtukufu, zamani halikuwa la kulaumu. Lilikuwa la kumhurumia mtu ambaye mambo yamemwendea kombo. Hiyo ndiyo asili yake. Nimeitafuta kitabuni nikaiona."

Ukumbi ukangoja bega. Bega la Mtukufu likatikisika, likatikisika tena; alikuwa anacheka. Pazi akagusa sikio, wote wakacheka na kupiga makofi. Mtukufu akapanguza macho, akatoa amri palepale: neno liingizwe katika kamusi ya taifa, maana na asili kama zilivyosomwa, na mfano wake uwe Kondo. Watoto wa shule wanauimba hadi leo: "Taifa lilishangilia, Kondo alikuwa chooni."

*

Nje ya ukumbi Pazi alimkuta Kondo amesimama peke yake karibu na ukuta. Akamwegemea bega.

"Pole, ndugu yangu. Ulikuwa umeandika nini?"

"Unajua nilichoandika."

"Nilikuona ulivyoingia," Pazi akasema. "Ulikuwa na uso uleule wa siku ya posa."

Kumbe! Miaka ishirini na sita ya kujiuliza, na jibu likatolewa kirahisi hivyo, karibu na ukuta, watu wakipita na soda. Kondo akatoa ufunguo wa droo, akaurudisha mfukoni. "Leso yako iko kwangu," alisema. "Mwamvita aliniletea nikufikishie. Sikufikisha."

"Nitaifuata."

Halafu Kondo akauliza kwa sauti ya chini, maana lilikuwa linamwasha kwa upande wa kitaaluma: "Pazi. Siku ile uwanjani. Bega la Mtukufu halikushuka, nimeuona mkanda. Ulikosea vipi?"

Pazi akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Kondo, mimi toka lini nikakosea?" akasema. "Maneno yale, nimeamua kuondoka, niliyangoja miaka kumi na tisa nimekaa pale mbele. Yalipotoka nilijua anaendelea. Nililiona bega. Nikasema moyoni, aendelee atakako, makofi haya mahali pake ni hapa."

Akampigapiga mgongoni, akarudi kwa mkewe.

Nanyi mnadhani Kondo alifurahi kuokolewa? Alisimama pale wivu umemjaa mpaka kooni. Ushujaa mmoja tu ulikuwa umepatikana katika nchi nzima kwa miaka thelathini na moja, na hata huo Pazi kauwahi! Na kumshtaki sasa haiwezekani, maana bango limeshaandikwa.

*

Tangu mwaka huo, kwa amri, kila Siku ya Taifa Mtukufu hufika mahali akasema: "Nimechoka. Nimeamua kuondoka." Hunyamaza, hunywa maji, na watu hupiga makofi dakika arobaini kamili kisheria, wakikumbatiana, khanga zikiruka, kwa ajili ya kumtia wivu jirani. Ni sherehe nzuri mno. Watu hutoka wilaya za mbali, huja na watoto, na wengi hulia.

Kondo naye hupewa kiti, safu ya tatu, kama mfano wa taifa. Mwaka wa kwanza alikaa akimtazama Mwamvita, aliyekuwa amekaa safu ya mbele kando ya mumewe, leso nyeupe magotini. Akamtazama anavyompangusa Pazi jasho la shingo. Akajitupa katika makofi kwa uchungu wote aliokuwa nao, akapiga kwa kusaga meno, akapiga viganja vikawaka moto, hakusikia kitu, hakuona kitu.

Wala hakuona Pazi alipogusa kidevu.

Paa, likasikika kofi moja, peke yake, katika kimya cha watu elfu thelathini. Mtukufu, aliyekuwa ameshafungua kinywa kuendelea, akakifunga. Akageuza kichwa taratibu kuelekea safu ya tatu. Waziri Ngarambe akatoa kalamu. Mwamvita akafumba macho. Kondo akabaki na viganja vimegandana kifuani, akijua kwamba sasa amekwisha, na jangwa analiona.

Safu ya mbele, Pazi akashusha pumzi. Akainua mkono, akagusa sikio.

Uwanja ukalipuka upya, dakika arobaini nyingine, kwa nguvu kuliko zile za kwanza, kwa kuwa hizi hakuna aliyezitegemea. Na Kondo akapiga makofi pamoja na wote, machozi yakimtoka, huku akisema kwa sauti kubwa ambayo hakuna aliyeisikia: "Simtaki huyu mtu! Simtaki!"